Bomba la Jicho na Dumu la Lukresia

Jumatatu, 1 Machi 2004

Hili ni daftari la Wenseslaus, marehemu mume wangu. Nusu ya mbele ni zamu za mfongo, mfereji wetu wa maji hapa Uru: nani apate maji siku gani, mpaka saa ngapi, kwa mwandiko wake ulioegemea kushoto. Nusu ya nyuma ni tupu. Alikufa Oktoba kabla hajaijaza. Nimeona afadhali niandike mimi kuliko liliwe na mende.

Leo nimeanza kazi hotelini, Moshi mjini, usafi wa vyoo vya wageni karibu na mapokezi. Hoteli ni mpya, rangi bado inanuka. Meneja, Bwana Eliaichi, mtu wa Old Moshi, alinionyesha kila kitu harakaharaka akaenda zake. Bomba hakunionyesha. Nilitaka kulowesha kitambaa, nikatafuta koki, hakuna. Nikabonyeza. Nikazungusha shingo yake. Nikaligonga kidogo kwa kiganja. Akaingia mama mmoja wa Kizungu, akanitazama, akaweka mikono chini yake na maji yakatoka yenyewe. Alitabasamu vizuri tu. Mimi nilitamani kuingia kwenye ndoo.

Jumanne, 2 Machi

Nimekutana na Lukresia, anayenipokea saa nane mchana na kufunga saa mbili usiku. Binti wa Kibosho, amepanga chumba Shirimatunda.

"Shikamoo, mama Pamela. Nasikia jana mlipigana na bomba."

"Marahaba. Nani kasema?"

"Mlinzi. Anasema bomba lilishinda."

Tulicheka, nikajisikia vizuri kidogo. Akanionyesha jicho lake, jeusi, dogo kama punje ya kahawa iliyokauka. Ukiweka kidole kimoja linakupa uzi wa maji. Ukiweka mikono miwili linamwaga. Ukiondoa, linanyamaza.

"Na likikosea?"

"Halikosei hilo. Limetoka Ulaya."

Jumatano, 3 Machi

Nilimweleza mama mkwe habari za bomba. Akaacha kumenya ndizi.

"Linaona mkono?"

"Ndiyo, mama."

"Basi wangelileta huku lilinde mfongo. Tangu mwanangu afe, Basili hata ng'ombe akisimama majini hamwoni."

Basili ni shemeji yangu. Ndiye anayegawa maji sasa.

Jumatatu, 8 Machi

Bwana Eliaichi anataka maua pale kwenye sinki, Jumatatu na Ijumaa. Nimemkatia yale meupe ya shina refu ambayo Wenseslaus aliyapanda kando ya mfongo. Alikuwa akimaliza kazi ananawa pale, anakung'uta mikono mara tatu juu ya maua, hata kama yamenyeshewa. Nimeyaweka kwenye bilauri ndefu, kushoto kwa bomba. Kila aliyeingia ameyasifu. Nimefurahi kama vile amesifiwa yeye.

Alhamisi, 11 Machi

Mawingu tu. Lukresia amekuja mapema kuchukua makombo jikoni, wanampa kila Alhamisi wanaposafisha stoo. Ana nguruwe wawili. Nilimsaidia kunyanyua dumu hadi nyuma ya banda la mlinzi, atalipitia usiku akitoka. Ugali uliochacha na maganda ya viazi. Harufu ilinikaa mkononi mpaka nyumbani.

Ijumaa, 12 Machi

Mvua imeanza, kubwa. Maji ya mjini yamekuja na tope, kisha yamekatika kabisa. Si kitu, kuna tangi juu ya paa. Lakini asubuhi tangi lilikuwa tupu. Wageni walioteremka mlimani jana hawakuoga. Bwana Eliaichi alipanda ngazi mwenyewe, na suti yake.

Maua ya Jumatatu yalikuwa yameinama. Nikayatupa, nikaweka mapya.

Jumatatu, 15 Machi

Mvua.

Jumanne, 16 Machi

Mvua. Nimeteremka nikiwa nimebeba viatu kwenye mfuko.

Ijumaa, 19 Machi

Tangi tupu tena. Lilijazwa jana jioni kwa gari la maji. Fundi aliyeitwa ametafuta bomba lililopasuka, hakuliona. Amesema kila kitu ni kizima. Bwana Eliaichi amesema basi asiye mzima ni mtu.

Jumapili, 21 Machi

Misa. Nimekaa upande wetu ule ule, nafasi ya Wenseslaus nimeiwekea mwavuli.

Ijumaa, 26 Machi

Leo nitaandika yote, maana nikiacha kesho nitaandika ninavyopenda.

Tangi lilikuwa tupu kwa mara ya tatu, Ijumaa ya tatu. Kundi la wageni kumi na mbili limehamia hoteli nyingine. Saa nne Bwana Eliaichi akaniita ofisini. Hakupiga kelele. Alinipa kiti, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mama, wewe ni mtu mzima. Huko kwenu nimesikia marehemu alikuwa mgawa maji."

"Ndiyo."

"Sasa nieleze. Maji yanakwisha usiku wa Alhamisi. Siyo Jumatatu, siyo Jumanne. Alhamisi. Kwenye mfereji wenu mngefanyaje?"

Nikajibu kama mtu aliyeulizwa kitu anachokijua. Nilisema kwenye mfongo maji hayaendi yenyewe. Yakipotea usiku anaulizwa mwenye zamu. Nilisema kwa sauti ya Wenseslaus kabisa, nikajisikia mtu wa maana kwenye kile kiti.

"Mwenye zamu ya kufunga ni Lukresia," akasema.

"Ndiyo."

"Lakini anayefungua asubuhi ni wewe. Wa kwanza kukuta tangi tupu ni wewe. Kwa hiyo mpo wawili."

Hapo nikaona barua ya kuachishwa kazi. Nikaona narudi Uru saa nne asubuhi, watu wakiwa mashambani wananiona.

"Alhamisi kuna nini?" akauliza.

Nikasema, "Alhamisi Lukresia hutoka na dumu."

Akaandika. Mjini sasa hivi kila mtu anatafuta maji safi, dumu moja ni jambo. Akaniuliza kama nina uhakika. Nikasema nimeliona kwa macho yangu. Hakuniuliza lina nini ndani. Mimi niliyelinyanyua, mimi niliyenuka makombo mpaka nyumbani, nilingoja aniulize ili nimwambie, na hakuuliza, nikashukuru.

Wapishi wanajua. Lakini wapishi hawakuitwa.

Jumatatu, 29 Machi

Lukresia ameachishwa tangu Jumamosi. Wapishi wamekana kumpa makombo, wameogopa kuulizwa kwa nini chakula cha hoteli kinatoka nje. Mlinzi anasema Lukresia alipekuliwa mfuko mbele ya mapokezi, alikuwa na kanga na sabuni. Alilia kwa sababu ya kanga, anasema, kwa kuwa ilikuwa chafu na watu waliiona.

Nimebadilisha maua. Zamu zote mbili ninafanya mimi mpaka apatikane mwingine.

Jumatano, 31 Machi

Mvua ilipungua saa saba nikafungua dirisha dogo la chooni, hewa iingie. Nilikuwa nimepiga magoti napangusa sakafu. Nikasikia maji. Siyo mengi. Uzi tu, kama mtu anayemimina chai polepole. Nikafikiri kuna mgeni ameingia, nikasema, "Samahani, nakaribia kumaliza."

Hakukuwa na mtu.

Ua moja, lile refu kuliko yote, lilikuwa limelegea shingo. Kichwa chake kilikuwa kimeinama mbele ya jicho la bomba. Upepo ukilisogeza, maji yanatoka. Likitulia kidogo yanakatika. Likitikisika, yanatoka tena. Uzi ule ule unaotolewa kwa kidole kimoja.

Nilibaki kwenye magoti. Jumatatu maua yamesimama. Jumanne yamesimama. Jumatano yanaanza kuchoka. Alhamisi usiku yote yameinama, na dirisha lile halifungwi sawasawa. Ijumaa asubuhi nayatupa kwa mikono yangu, naweka mapya. Na yale ya Ijumaa nayatoa Jumatatu, kabla hayajalala usiku wa nne.

Na nimekumbuka kitu ambacho ofisini sikukisema. Ni kweli kwenye mfongo anaulizwa mwenye zamu. Lakini Wenseslaus kabla ya kumtaja mtu yeyote alikuwa anaufuata mfongo wote kwa miguu, mpaka kwenye banio, huko yanakoanzia. Mara nyingi alirudi na tope magotini anasema ni kaa wa mtoni tu, ametoboa ukingo. Watu walimcheka kwa kujichosha bure. Mimi nilichukua nusu ya kazi yake, ile nusu ya kukaa kwenye kiti.

Nilihamisha bilauri nikaiweka kwenye kona, mbali na bomba. Kisha nikapangusa sinki.

Sikumwambia mtu.

Ijumaa, 2 Aprili

Tangi limejaa mpaka juu.

"Umeona, mama?" Bwana Eliaichi akaniambia mbele ya watu wa mapokezi. "Mtu mmoja tu ameondoka."

Nikasema, "Nimeona."

Ijumaa Kuu, 9 Aprili

Tangi limejaa.

Jumamosi Kuu, 10 Aprili

Nilipanga foleni ya kitubio kwa saa nzima. Nikamwambia padre nimekosa jumuiya mara mbili na nimemjibu vibaya mama mkwe kuhusu chumvi. Akaniuliza kama kuna lingine. Nikasema hakuna. Kumbe naweza kudanganya hata nikiwa nimepiga magoti.

Jumatano, 14 Aprili

Nimepewa beji. Imeandikwa MSIMAMIZI WA USAFI. Wameajiri binti mpya, nami ndiye ninayemfundisha bomba. Amecheka kwa furaha lilipotoa maji. Aliniuliza, "Na likikosea?" Nikamwambia apanguse kioo.

Ijumaa, 16 Aprili

Tangi limejaa. Nimeanza kuchukia kuliona.

Jumamosi, 17 Aprili

Nimemwona Lukresia sokoni Mbuyuni. Nilikuwa nanunua dagaa, nikasikia "Shikamoo, mama Pamela" nyuma yangu, na kabla ya kugeuka nilishajua ni nani. Alikuwa ameketi kwenye gunia, mbele yake mafungu ya mboga ya mnafu. Nilificha beji kwa mkono kama mtu mwenye kiungulia.

"Marahaba, mwanangu. Habari za siku?"

"Nzuri tu. Nimekuwa mfanyabiashara." Akacheka. "Hoteli mbili nimeomba, zote wanapiga simu kule kwanza. Moshi ndogo hii. Na pale ninapokaa sasa naitwa Mama Dumu. Gladys, jirani yangu, ndiye aliyenibatiza. Nikitoka na ndoo tu anaita, 'Mama Dumu, leo unamwibia nani?' Hadi watoto wanaitikia."

Nikainamia dagaa wangu. Akaniangalia, akadhani ni mambo mengine.

"Pole sana, mama. Sikupata nafasi ya kukuaga. Nilijua ungebaki peke yako na kazi zote, na msiba wako bado mbichi. Chukua mnafu, chukua tu."

Alinifungia mafungu mawili kwenye gazeti. Nimeyabeba mpaka Uru. Mama mkwe ameyapika na kiburu cha ndizi na maharage, amekula akasifu. Mimi nimesema nimeshiba.

Jumapili, 18 Aprili

Nimemwambia mama mkwe. Nilianza kwa ua, nikadhani nikianza na ua nitaonekana sina kosa. Alinisikiliza akichambua maharage.

"Ua ni bahati mbaya," akasema. "Hata mimi ningeliweka pale. Dumu je?"

Nikasema nilijua ni makombo.

Akamaliza kuchambua maharage. Kisha akasema, "Mwanangu aliniolea mkwe mpole. Sikujua upole nao unaweza kukaa kimya namna hiyo."

Jumanne, 20 Aprili

Mvua. Bonde lote limejaa ukungu. Sijalala vizuri.

Ijumaa, 23 Aprili

Mama mkwe amekata jani la isale pale uani, amelifunga fundo. Huku kwetu ukimpelekea mtu isale unaomba msamaha, naye hawezi kukataa, hata kama umemuulia. Alinipa akaniambia:

"Hataweza kukataa. Ndiyo maana ufikirie kabla hujampa. Usimfunge mdomo mtu mliyekwisha mfunga mikono."

Jumamosi, 24 Aprili

Nilifika Shirimatunda saa tatu. Chumba chake kinatazama banda la nguruwe. Aliona isale mkononi mwangu kabla hajaniamkia, na uso ukabadilika, maana isale haibebwi kwa salamu.

Nilisema yote nikiwa nimesimama: kiti cha ofisini, dumu, ua, tangi lililojaa, beji.

"Ulilinyanyua pamoja na mimi," akasema.

"Ndiyo."

"Ukaniambia nipunguze, nitaumia mgongo."

"Ndiyo."

"Na Jumatano ile ukaona ua. Leo ni wiki ya ngapi?"

"Ya nne."

Akanyoosha mkono akapokea isale. "Nimepokea. Umekuja na kitu ambacho siwezi kukataa, mama Pamela, kwa hiyo nimepokea. Lakini Bwana Eliaichi hajatuma isale. Yeye anatuma simu. Utanifanyia nini huko?"

Nikasema nitaleta barua.

"Usirudi hapa bila hiyo," akasema. Halafu akaongeza, kama mtu aliyezoea adabu na hawezi kuiacha, "Angalia hapo mlangoni, panateleza."

Jumanne, 27 Aprili

Nilingoja mapokezi pawe na watu. Nikamwomba Bwana Eliaichi aje chooni. Akaja na simu sikioni. Nilichukua ua la jana, nikalikunja shingo kidogo, nikaweka bilauri kushoto kwa bomba pale pale pa zamani, nikafungua dirisha.

Tulisubiri. Kwa muda bomba lilikaa kimya, nikaanza kuogopa kwamba hata hilo limenikana. Kisha upepo ukapita na uzi wa maji ukaanza.

Yeye si mjinga. Alitazama bomba, akatazama ua, akahesabu siku kwa vidole, akafunga mlango.

"Nani aliagiza maua?" akauliza polepole.

"Ni wewe. Lakini niliyeyaweka ni mimi. Na dumu lilikuwa la makombo, nilijua, sikusema."

"Mama, hili limekwisha. Nafasi imeshajazwa. Mwenye hoteli akisikia kwamba tulipoteza wageni kwa sababu ya ua, mimi nitaonekana nani?"

"Andika barua tu, kwamba Lukresia hakuiba. Mtu akipiga simu kuuliza, aambiwe hivyo."

"Na nikikataa?"

Sijawahi kumtisha mtu maishani. Nilisema, "Basi kila Alhamisi nitakuwa nawaonyesha wageni."

Akanitazama kama anayeniona mara ya kwanza. "Ukiitaka barua hiyo, beji ibaki mezani."

Nikaivua pale pale. Pini ilinichoma.

Ijumaa, 30 Aprili

Alinipa bahasha mbili. Moja ya Lukresia, moja yangu. Yangu inasema mkataba wangu hautaongezwa. Nilipita jikoni kuaga, wapishi wakajifanya wanatafuta sufuria. Binti mpya alinisindikiza mpaka getini. Nimemwambia maua ayaweke popote apendapo, lakini si mbele ya jicho.

Mama mkwe aliponiona narudi mapema alinimiminia mtori wa ndizi.

Jumapili, 2 Mei

Baada ya Misa niliteremka Shirimatunda. Mvua ilikuwa nyembamba, ya kumalizia. Lukresia alifungua bahasha mlangoni, akasoma midomo ikitembea.

"'Aliachishwa kazi kufuatia hitilafu ya kifaa. Hakukutwa na kosa lolote.'" Akainua macho. "Hitilafu ya kifaa. Kumbe bomba ndilo lililosema mimi nina dumu?"

"Hapana."

"Basi limeandikwa jina la nani humu?"

"La mtu yeyote halimo."

Akageuza karatasi, nyuma ilikuwa tupu. Akaingia ndani akatoka na kalamu na sufuria ya kuandikia juu yake. Nikaandika nikiwa nimechuchumaa kwenye kizingiti. Niliandika kwamba dumu la Lukresia lilikuwa la makombo ya nguruwe aliyopewa jikoni, kwamba mimi nililinyanyua naye, kwamba nilipoulizwa nilisema dumu nikanyamazia makombo ili asibaki wa kushukiwa ila yeye. Kwamba maji yalimwagwa na ua nililoliweka mimi. Nikaweka jina langu lote, Mektrida Wenseslaus, na kijiji. Sijawahi kuliona jina la mume wangu mahali pabaya kama pale.

Lukresia alisoma mara mbili. Kisha akasimama, akapaza sauti kuelekea chumba cha pili.

"Gladys! Wee Gladys! Njoo, kuna mgeni wangu anataka kukusomea kitu."

Gladys akatoka na mikono ina unga, anacheka tayari. Nyuma yake wakatoka mama wengine wawili, na watoto. Wakasimama uani wakinitazama, mjane wa Uru, na gauni la kanisani.

Lukresia akanipa karatasi.

Nikasoma. Mara ya kwanza sauti haikutoka, ilikuwa pumzi tu.

"Rudia, mama," akasema Lukresia kwa upole kabisa. "Huyu hasikii vizuri."

Nikarudia.